Mwaka Nilioitikia Jina la Bibi

Mwezi uliopita walikuja vijana kutoka mjini kutupa semina sisi akina mama wa kikundi chetu. Tulikaa kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yamegusana na kifua, maana madawati yale ni ya watoto. Binti mmoja mzuri wa sura, sauti nyororo kama ya mtangazaji wa redio, akatuambia, "Mama zangu, kila mtu ana namna yake ya kufanya maamuzi. Kuna wanaoamua kwa kichwa, kuna wanaoamua kwa moyo, na kuna wasioamua mpaka washauriane na wenzao. Naomba tunyooshe mikono." Wenzangu wakanyoosha, kila mtu anajijua, utadhani wameulizwa makabila yao. Mimi nikanyoosha kwenye kichwa, nikaushusha. Nikanyoosha kwenye moyo, nikaona aibu, nikajifanya najikuna kisogo. "Na wewe bibi?" binti akaniuliza. Nikamwambia, "Mimi huwa naitika tu." Darasa zima likaangua kicheko. Hapa Kinole nina sifa ya masihara, basi wakajua ni yale yale. Jamani, sikuwa natania. Watu husema njia mbili zilimshinda fisi, lakini fisi alikuwa na nafuu, angalau alijua anachotafuta ni nyama.

Wiki ile ile Mjomba Kibwana akatutoka. Alikuwa kaka yake mama, mtu mzima sana, meno yameisha lakini sauti ile ile ya kuitia watu bondeni, na katika umri wangu wote ndiye mtu niliyetaka kumuuliza swali moja na sikumuuliza. Nilipokuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, yeye yuko chumba cha pili anaoshwa, machozi yalinitoka mpaka wakanishika mabega, wakidhani ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini zaidi nililia kwa hasira. Kaondoka na jibu langu. Nilitaka aniambie: Mjomba, siku ile nilikubali, au ulinikamata?

Ngoja nieleze, nisikuache njiani. Sisi Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na shamba ni la lukolo, yaani ukoo wa mama. Mtu mkubwa wa ukoo akifa, jina lake haliachwi lilale chini, anatafutwa wa kulibeba. Koo nyingine wanafanyaje mimi sijui, kila nyumba ina yake. Kwetu sisi jina linabebwa kwa kuitwa. Huulizwi wala huambiwi. Unakuwa kwenye shughuli zako, mtu anakuja nyuma yako, anakuita kwa jina la marehemu. Ukiitika, umelibeba. Ukinyamaza, anaondoka zake, atakuja tena siku nyingine, na mara ya tatu ukinyamaza basi, anatafutwa mwingine, na jambo lenyewe halizungumzwi tena, ili pasiwe na aliyekataa wala aliyekataliwa. Na ukishalibeba umekuwa yeye. Nyumba yake ni yako, migomba na midalasini yake unaisimamia wewe, ugomvi wa ukoo unaletwa mlangoni kwako, na hapo ndipo utakapolala mpaka na wewe utolewe. Mimi jina langu la kuzaliwa ni Rukia. Huku juu hakuna anayeniita hivyo. Mimi ni Bibi Mwanamvua, jina la mama yake mama, tangu nikiwa binti ambaye hata mchumba hana.

Mwaka ule nilikuwa nafanya kazi kiwanda cha nguo mjini, na nilipanga chumba Mafiga na mwenzangu wa kiwandani, Eliza, binti wa Kinyakyusa. Chumba chenyewe kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, jiko la mkaa chini ya dirisha, na khanga iliyochoka badala ya pazia, na pamba za kiwandani tulizoleta kwenye nywele zimejaa kila pembe. Nilikipenda chumba kile kuliko nyumba yoyote niliyokaa kabla au baada yake, na sababu naijua: mle ndani aliyeamua kila kitu ni Eliza. Jioni tukirudi ataniuliza, "Leo tule nini?" Nami nitamjibu, "Chochote." "Chochote hakiuzwi sokoni, Rukia!" Atafoka, atachukua kikapu, atatoka, na atarudi na dagaa na fungu la mchicha, au mihogo, au siku za neema kichwa cha samaki, na mimi nitakula kwa furaha kubwa, chakula ambacho sikukichagua kikiwa kitamu kuliko vyote. Eliza alikuwa mtu wa kuamua akiwa anatembea. Aliacha mchumba mmoja akiwa kwenye foleni ya sabuni, na alipofika mbele alinunua sabuni yake, akarudi nyumbani, akafua. Nilimwangalia nikasema, huyu Mungu alimuumba kwa udongo mwingine.

Bibi Mwanamvua alifariki mwanzoni mwa mwaka huo. Mwishoni mwa maisha yake alikuwa hasikii kitu, na njia ya kwenda mtoni inapita juu kidogo ya nyumba yake, kwa hiyo kila apitaye alimwita kumjulia hali, "Mwanamvua!" Mjukuu aliye karibu ndiye aliyeitika, "Abee!" kwa niaba yake, kisha akatoka kuona ni nani. Mimi na dada yangu Tatu tulilelewa pale pale, na kazi hiyo ilikuwa yetu. Tuliliitikia jina lile kuliko tulivyoitikia majina yetu wenyewe. Na kuchelewa kuitika kulikuwa ni kosa la kufinywa sikio, maana mpita njia angesema wajukuu wa Mwanamvua hawana adabu. Tatu alibaki kijijini. Ndiye aliyemuuguza Bibi, ndiye aliyemwogesha, ndiye aliyelima shamba lake, na kila mtu, mimi nikiwa wa kwanza, alijua jina litakwenda kwa Tatu. Hilo halikuwa hata la kufikiria.

Nilikuwa napanda kila mwisho wa wiki nikipata lori la ndizi. Basi, Ijumaa moja niliyopewa ruhusa kazini, msimu wa mafenesi, nilikuwa uani nimechuchumaa, fenesi limelala juu ya jani la mgomba, mikono nimeipaka mafuta utomvu usinigande, nimezamisha kisu nusu. Jua la mchana, kuku wanazunguka wakitegea kokwa. Nyuma yangu nikasikia, "Mwanamvua!" "Abee!" nikaitika. Palepale, hata sikuvuta pumzi. Nikageuka. Mjomba Kibwana amesimama na kanzu yake, ametoka msikitini, macho yamemjaa maji. "Alhamdulillahi," akasema, na akaondoka kama mtu aliyeona mtoto mchanga analala na hataki kumwamsha. Mimi nikaendelea kupasua fenesi. Nilitoa nyama za upande mmoja zote, nikajaza sinia, nikaanza upande wa pili, ndipo nikang'amua. Kisu kikanidondoka. Nikasema kwa sauti, mwenyewe, uani, "Mama yangu wee, nimefanya nini?"

Hapo ndipo ninapozunguka mpaka leo. Siku nyingine nakumbuka kwamba kati ya kuitwa na kuitika hapakuwa na nafasi hata ya unywele: mdomo ulizoea, ukaitika, na mwenye mdomo hakuwepo. Siku nyingine, na hizi ndizo zinazonitisha, nakumbuka nafasi ilikuwepo. Ndogo, lakini ilikuwepo, na ndani yake nilijua yote. Nilijua Bibi yuko kaburini. Nilijua sauti ni ya Mjomba na nilijua anachokitafuta. Nikaitika. Sasa ipi ndiyo kumbukumbu na ipi nimejitungia kwa kujihurumia, au kwa kujisifu? Ukiniamsha sasa hivi ukaniuliza, nitakujibu moja, na ukirudi jioni nitakujibu nyingine, na mara zote mbili nitakuwa nasema kweli.

Nikashuka mjini siku ile ile, sikuaga. Eliza alikuwa anakaanga mihogo. Nikamweleza mpaka mwisho, naye hakuacha kugeuza mihogo yake. "Si uwaambie umekosea?" akasema. "Uwaambie ulidhani anaitwa bibi yako."

"Bibi amekufa, Eliza."

"Wewe ulisahau kama amekufa?"

"Sijui. Nadhani sikusahau."

"Kwa hiyo uliitika kwa akili zako."

"Hapana!"

Eliza akaweka mwiko chini, akaniangalia. "Rukia, mimi nakupenda, lakini wewe mtu ukiulizwa umekanyagwa mguu upi, utasema ngoja kwanza. Unataka kukaa huko juu au hutaki?" Nikalia. Nililia kwa sababu lilikuwa swali jepesi na nilitafuta jibu lake kila mahali ndani yangu nisilipate. Nilitaka chumba kile cha Mafiga, na nilitaka mvuke wa asubuhi unaotoka kwenye migomba ya Bibi. Nilitaka mshahara wangu na king'ora cha kiwanda. Nilitaka pia, na hili sikumwambia Eliza, watu wanyamaze ninapoingia, kama walivyokuwa wananyamaza akiingia Bibi. Lakini zaidi ya yote sikutaka kumnyang'anya dada yangu. Hilo angalau nililishika, likawa kamba yangu. Eliza akanipangia cha kusema: "Nenda, piga magoti, sema, Mjomba, niliteleza, mwenye haki ni Tatu. Maneno matatu hayo, usiongeze." Nikayakariri njia nzima juu ya lori, nimekaa kwenye magunia matupu, nayasema kwa upepo.

Nilimkuta Mjomba barazani anasuka kamba. Huyu ndiye mtu aliyenichapa viboko nilipovunja mtungi. Nikakaribia, magoti yanakaribia kugusa chini, mdomo umefunguka. Yeye akawahi. Akaweka kamba kando, akanyanyuka, mtu mzima mwenye mvi, akainamisha kichwa, akaniambia, "Shikamoo, mama."

Nifanyeje? Nikuulize wewe unayesoma, ungefanyaje? Mtu akikupa shikamoo unamwacha nayo mkononi? "Marahaba," nikasema. Looh! Tayari mara mbili. Nikasikia vigelegele jikoni, mama yangu mzazi anatoka huku anajifuta mikono, na yeye, "Shikamoo, mama!" na kicheko cha kulialia. Mama yangu aliyenizaa ananiita mama! Nikawekewa kiti. Nikaletewa ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na paja la kuku, kipande ambacho tangu kuzaliwa nilikuwa nakiona kikipita tu kwenda kwa wengine. Nikala, maana njaa haina aibu. Tatu ndiye aliyeninawisha. Alimimina maji taratibu, hakuniangalia usoni, na nilipotaka kumshika mkono alikuwa ameshageuka na birika lake. Maneno matatu ya Eliza yakabaki tumboni pamoja na kuku.

Nilikaa wiki ile nikisema nitasema kesho. Nyumba ya Bibi kuta zake hazikufika juu, kwa hiyo ukiwa chumbani unasikia kila kitu cha sebuleni, hata mtu akimeza. Mchana mmoja baada ya kula nilikuwa nimejilaza, Mjomba na mama wanakunywa togwa, wakadhani nimelala. Mama akasema, "Kaka, mtoto huyu hajui kuamua. Ukimuuliza chai au uji, atakwambia chochote. Ndiye unampa ukoo?"

Mjomba akacheka. "Kwani marehemu alikuwa anaamua? Watu wanakuja wanagombana mbele yake, yeye kimya, kimya, mpaka wanachoka, wanapatana wenyewe, wanaondoka wanasema Mwanamvua ameamua."

"Yule alikuwa ananyamaza kwa makusudi."

"Umejuaje?" Mjomba akauliza. Nikasubiri mama ajibu. Nikasikia tu anajimiminia togwa nyingine. Nilikaa pale nimeangalia makuti na moshi ulioyafanya meusi, na badala ya kupata akili nikachanganyikiwa zaidi. Kama Bibi mwenyewe, yule niliyemwogopa kuliko mwalimu mkuu, alikuwa hajui, basi nani anajua? Na kama alikuwa anajua, mimi nimekalia kiti cha nani?

Kitu kilichonimaliza kilikuwa mtoni. Nilimkuta Tatu amekaa juu ya jiwe, nguo zinaelea, amejifunika uso kwa khanga mbichi, mabega yanatikisika. "Dada, unalia nini?" "Sabuni imeniingia machoni," akasema. Mwaka ule sabuni ilikuwa haionekani, sisi wa mjini tukipanga foleni tangu alfajiri, sembuse huku juu, ambako walikuwa wanafulia majivu. Nilijua anadanganya na nilijua analilia nini, au ndivyo nilivyoamini: analilia nyumba, analilia shamba alilolilima kwa mikono yake, analilia jina lililopita mbele ya pua yake likaenda kwa mtu wa mjini aliyekuwa anapasua fenesi. Nilitaka kumwambia chukua, ni lako. Lakini huwezi kumpa mtu kitu ambacho hujui kama umekipokea. Nikakaa kwenye jiwe la pili, nikasaidia kukamua nguo.

Haikupita muda akaja mposaji, mfanyakazi wa reli kule Kisaki, aliyefiwa na mke, mpole. Tatu akakubali siku ile ile, hakutaka hata apewe muda. Watu wakashangaa, mimi sikushangaa, nikasema moyoni, anakimbia. Siku ya kuondoka aliaga nyumba nzima, na mimi akaniacha wa mwisho. Akapiga goti, dada yangu mkubwa, akasema, "Shikamoo, bibi." Alikuwa anatabasamu. Tabasamu lile nimelibeba hadi uzeeni bila kulielewa, na kwa sababu sikulielewa nikalitafsiri vibaya, nikaona ni mkuki. "Marahaba," nikasema. Wiki iliyofuata nikaandika kiwandani kwamba sirudi. Eliza alinitumia vyombo vyangu kwa dereva wa lori, na ndani ya sufuria aliweka mihogo mikavu na ujumbe kwa mdomo wa dereva: mwambie hakuna kitu kinaitwa chochote.

Kabla ya mwaka kuisha waliniletea kesi ya kwanza, ya mpaka wa shamba. Wanaume wawili wenye ndevu walisimama mbele yangu wakapayuka. Sikujua la kusema, Mungu ni shahidi, sikujua hata nani anasema kweli. Nikanyamaza. Wakaendelea. Nikanyamaza. Mwishowe mmoja akasema basi, tuache mti uwe mpaka, mwenzake akakubali, wakanishukuru. Jioni habari zikazunguka mlima: huyu ni Mwanamvua mwenyewe kabisa. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nami nimeyaoga tangu hapo. Nimeolewa kwa mtindo huo huo, mume akahamia kwangu, nimezaa, nimemzika. Nimepatanisha watu nisiowahesabu. Na kila nikimaliza kupatanisha, najiuliza: je, na hili nimeamua, au wamechoka?

Sasa nirudi kwenye msiba. Tatu alikuja kutoka Kisaki na wajukuu zake, amekonda, anatembea kwa fimbo, lakini kicheko hakijapungua. Mazishi yakaisha, na keshokutwa yake wazee wa ukoo wakaja kunikalisha. Jina la Kibwana, walisema, tumeafikiana liende kwa Shomari. Shomari ni mwanangu wa mwisho. Ana kibanda chake cha simu kule mjini, Msamvu karibu na stendi, kinamwendea vizuri, na ana binti anayetaka kumwoa mwaka huu. "Na wa kumwita ni wewe," wakasema, "maana Kibwana ni mtoto wa Mwanamvua, na mtoto huitwa na mama yake." Nilipiga hesabu zake kichwani nikaona kizunguzungu: nikiwa Rukia, mwanangu atageuka mjomba wangu, nikiwa Mwanamvua, atabaki mwanangu. Lakini hilo silo lililonishtua. Shomari nimemlea kwa adabu niliyolelewa nayo. Tangu mdogo hajawahi kuitwa mara mbili. Nikisimama nyuma yake nikafungua mdomo, ataitika, na nitakuwa nimelifunga duka lake, nimemrudisha mlimani, na maisha yake yote atakuwa ananiuliza kimoyomoyo nilichokuwa namuuliza Mjomba.

Nikaenda jikoni kwa Tatu, tukakaa mkekani kuchambua mchele wa hitma, kila mtu na ungo wake. Nikamwambia, "Wazee wanataka nimwite Shomari. Kwa nyuma, kimya kimya, vile vile."

"Ndivyo alivyoniita mimi," Tatu akasema, huku anatupa chuya.

Ungo ukatulia mikononi mwangu. "Nani alikuita?"

"Mjomba. Kabla yako. Mara zote tatu, mara ya mwisho nilikuwa naosha masufuria hapo nje."

"Na wewe?"

"Nikaendelea kuosha."

Sikujua nicheke au nimpige na ungo. "Tatu! Mimi miaka yote hii najua nimekunyang'anya! Nilikuona mtoni unalia!"

"Nililia kwa hofu," akasema. "Nilisikia umeshuka mjini bila kuaga. Nikajua unataka kukataa, halafu watarudi kwangu, na mara ya nne ningeitika, maana nilikuwa nimechoka. Ulipoitikia shikamoo ya Mjomba nilikuwa jikoni. Vigelegele vile ulivyosikia, cha kwanza kilikuwa changu. Lakini wiki nzima nikakuona hutulii, hofu ikanirudia, ndipo ukanikuta mtoni."

Nikakasirika. Wallahi nilikasirika, mtu mzima, machozi yananitoka juu ya mchele wa marehemu. Nilikasirika kwa huruma yote niliyoipoteza kwake, kwa kila sikukuu niliyomtumia mdalasini na mchele Kisaki kama mtu anayelipia dhambi. Kisha nikamuuliza kile nilichokuwa nimemwekea Mjomba. "Ulijuaje kama hutaki?"

Tatu akafikiri kweli kweli, nilimwona. "Sikujua," akasema. "Kwani ningependa nini, kuolewa na mtu wa reli Kisaki? Nilisikia jina, mdomo haukufunguka. Nikasubiri ufunguke. Haukufunguka. Na wewe ulijuaje unataka?"

"Sikutaka."

"Basi mbona uliitika?"

Tukatazamana, vikongwe wawili na nyungo zetu, tukaanza kucheka, tukacheka mpaka watoto wakaja kuchungulia mlangoni, maana msibani watu hawacheki hivyo.

Kicheko kilipoisha, Shomari, aliyekuja msibani, alikuwa uani. Nilimsikia anapasua kuni. Nikatoka. Nilisimama nyuma yake, shati amelivua, mgongo umelowa jasho, na wazee wako barazani wamejifanya wanazungumza habari za mvua. Kumwita Kibwana kulikuwa rahisi, pumzi moja tu. Badala yake nikavunja mwiko, nikamsogelea, nikamweleza yote kwa sauti ya chini: jina, nyumba, shamba, kuitika, kunyamaza. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa mama, unataka niitike au nisiitike?"

"Sijui, mwanangu. Mimi niliitika, sijui kwa nini. Mama yako mkubwa hakuitika, na yeye hajui."

Akanigeuzia mgongo tena, akashika shoka lake. "Haya," akasema. "Mimi nimejiandaa. Niite."

Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwahi kujiuliza swali lile kwa upande wa anayeita. Huyu kasikia yote, kaelewa yote, anangoja. Kitakachotoka kinywani mwangu ni changu, hakuna wa kumsingizia, si adabu, si mazoea, si Mjomba. Barazani mazungumzo ya mvua yalikuwa yamekatika. Nikavuta pumzi.

"Shomari!" nikaita.

"Naam, mama!"

"Njoo ule, chakula kinapoa."